Daftari la Majani ya Muringa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa karoti tatu na wembe, nikaambiwa niketi. Nilikuwa nimetoka Meru alfajiri, vyeti vyangu vimo kwenye bahasha ya kaki na viatu vipya vinanibana, nikitarajia kuonyeshwa darubini. Mzee Nyaga, fundi mkuu wa maabara katika kituo chetu cha utafiti wa miti pale Embu, alipasua karoti kwa urefu, akabana kipande cha jani katikati yake, kisha akaanza kukata vipande vyembamba mno vilivyoanguka kwenye kisahani cha maji na kuelea.

"Jani peke yake halishikiki," aliniambia. "Linakunjika. Karoti inalishika. Kata mpaka kipande kipitishe mwanga."

Nilikata siku nne. Siku ya tano akaniruhusu kuweka kipande kimoja chini ya darubini, akainama, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Inaonekana." Nilidhani ni neno la kawaida tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizokuwa akimpa mtu, na kwamba wengine waliondoka kituoni bila kuwahi kuisikia. Karoti zilizobaki tulizipika na githeri, mahindi na maharagwe.

Ninyi mnaoingia maabara ile sasa mnayo mashine ya kukatia, na hilo ni jambo jema. Lakini mashine ikiharibika, na itaharibika, fundi wake anatoka mbali. Jifunzeni karoti.

Kazi yangu kubwa ilikuwa mti mmoja: muringa, ambao kwingine huitwa mringaringa. Mnaujua. Ndio huu wa maua meupe yanayopendwa na nyuki, mbao zake zinatoa milango, viti na mizinga. Unaota miteremko ya juu Meru, penye ukungu na mvua. Unaota Runyenjes katikati ya kahawa. Na ukishuka Mbeere hadi Kiambere, karibu na bwawa, utaukuta umesimama kwenye jua na mawe, mfupi, umekunja mikono. Ni mti ule ule. Lakini jani la Meru ni pana kama sahani na laini ukiligusa, na jani la Kiambere ni dogo, nene, gumu, na ukilipapasa chini lina manyoya kama kidevu cha mtu ambaye hajanyoa siku mbili. Mkuu wa kituo, Daktari Mutembei, alitaka kujua kwa nini. Je, ni mahali panapolibadilisha jani, au ni mbegu iliyozaliwa hivyo? Hili halikuwa swali la vitabuni. Vikundi vya akina mama wa Kiambere vilikuwa vinaotesha miche ya muringa, na walitaka kuambiwa mbegu wazitoe wapi ili miti isiwafie.

Miaka sita nilizunguka sehemu hizo tatu na gari la kituo, nikikata majani, nikiyatia kwenye chupa za spiriti, nikirudi kuyakata na kuyapima. Vitundu vya kupumulia vya jani nilivihesabu kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Unapaka upande wa chini wa jani, unaacha ikauke, unabandua kwa selotepu, na umbo la kila kitundu linabaki kwenye ile ngozi. Majani ya Kiambere ilinibidi kwanza niyanyoe kwa wembe, la sivyo selotepu inang'oa manyoya matupu. Mwenye duka la vipodozi pale Makutano, Meru, alikuwa ananiuzia chupa kumi kwa mara moja. Siku moja alizitazama kucha zangu, ambazo hazijawahi kupakwa chochote, akaniuliza kama nina mabinti wengi.

Mzee Nyaga alikuwa na wembe wake mwenyewe, wembe wa kinyozi wa kukunja, wenye mpini wa mfupa. Alikuwa ameunoa miaka mingi hadi ukawa mwembamba kama jani la nyasi. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mimi nilikuwa nimekaa naye benchi moja miaka mingi kuliko mtu yeyote, na kila mtu kituoni alijua siku akistaafu utakuwa wa nani. Nami nilijua.

Mwaka wangu wa kumi na nne akaja Wanja.

Alikuwa binti wa wakulima wa kahawa wa Runyenjes, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Wiki yake ya kwanza alipewa karoti kama mimi. Siku ya pili Mzee Nyaga alitazama kipande chake, akanyanyua kichwa, akaita kupitia mlango uliokuwa wazi: "Daktari, njoo uone hiki."

Miaka kumi na minne, na hakuwahi kumwita mtu aje aone changu. Nilisimama nikaenda kuosha bika za kioo ambazo nilikuwa nimeshaziosha asubuhi.

Sijui niwaelezeje wivu kwa namna ambayo hamtacheka. Haukuja kama hasira. Ulikuja kama kazi ya ziada. Nilianza kusikiliza mlango, kujua Mzee amemwita mara ngapi leo. Nilianza kufika mapema ili nikute benchi la karibu na dirisha. Wanja akisema "Madam, naomba unifundishe hii," nilimfundisha, lakini nilikuwa nikimfundisha kwa haraka kidogo kuliko inavyofaa. Na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na kipaji ambacho hakifundishwi. Unampa jani akiwa amefumba macho, analipapasa kwa kidole gumba, anakwambia, "Hili limekulia kivulini." Mara nyingi alikuwa sahihi. Mimi nilihitaji darubini ili nijue hilo.

Mzee Nyaga alistaafu miaka miwili baadaye. Tulimfanyia chai na mandazi, kwaya ya kanisa lake ikaja kuimba. Alipoitwa kusema, alisema maneno machache, kisha akatoa wembe mfukoni akaenda kumpa Wanja.

"Kathambi ana mkono wake tayari," alisema, akinitazama. "Huyu bado anautafuta wake."

Nikiwa mzee sasa naona kwamba pengine zile zilikuwa sifa, na kwamba zilikuwa zangu. Siku ile sikusikia hata neno moja. Nilipiga makofi na wenzangu, nikala andazi moja, nikaenda nyumbani Meru nikamwambia mume wangu kwamba kichwa kinaniuma.

Mwaka uliofuata Daktari Mutembei alianza kuandika ripoti ya muringa. Vipimo vyangu vya miaka sita vilionyesha tofauti kubwa mno: jani la Kiambere lilikuwa nene karibu mara mbili ya la Meru. Kwa hiyo alikuwa anaelekea kuwaambia akina mama wa Kiambere watumie mbegu za miti ya kwao pekee, na waachane kabisa na za Runyenjes na Meru. Shida ni kwamba miti mizazi kule Kiambere ni michache. Wangekuwa na mbegu kiasi cha kujaza kofia.

Wanja alikuwa amepewa kazi ya kunakili vipimo vyangu kwenye kompyuta. Asubuhi moja alikuja akaketi kwenye kiti kilicho mbele ya meza yangu, na rejista yangu ya maabara mapajani.

"Madam, naomba kuuliza kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Haya majani ya Meru. Kwa mti, ulikata wapi? Juu ama chini?"

Nilijua kabla hajamaliza swali. Nataka mlielewe jambo hili, kwa sababu ndilo kosa langu la kwanza, na ni kosa ambalo mtu yeyote kati yenu anaweza kulifanya kesho. Miringa ya Meru ni mirefu kama paa la kanisa. Mimi nilikuwa na fimbo ndefu ya kuvunia yenye kisu cha ndoano mwishoni, na nilikata nilipofikia, yaani matawi ya chini, ya kivulini. Kule Kiambere mti ni mfupi na hauna kivuli hata kwake mwenyewe. Kila jani limepigwa na jua. Na jani la kivulini huwa pana na jembamba hata katika mti ule ule ambao jani lake la juu ni dogo na nene. Sikuwa nimelinganisha Meru na Kiambere. Miaka sita nilikuwa nimelinganisha kivuli na jua.

"Nilichanganya," nilimwambia. "Ya juu na ya chini."

"Haijaandikwa hapa kwa rejista."

"Rejista haina safu ya hiyo."

"Na daftari la shambani? Si uliandika huko?"

Niliandika, naam. Mzee Nyaga alikuwa ametufundisha kwamba shambani unaandika ulichofanya, si ulichotaka kufanya. Daftari langu lenye jalada la kijani lilikuwa na kila mti, kila tarehe, na kila tawi: chini, kivuli, chini, kivuli, na mara chache, juu. Lilikuwa kwenye droo ya meza ile ile, karibu na goti la Wanja.

"Lililiwa na mchwa," nilisema. "Lile la kijani. Mwaka jana."

Alinitazama kwa huruma. "Pole, Madam," alisema. Akaamini. Jioni nililitia daftari kwenye kiondo changu, nikalipeleka nyumba ya kupanga niliyokuwa nikiishi siku za kazi Embu, nikaliweka chini ya gunia la maharagwe.

Wanja alipeleka shaka yake kwa Daktari. Sikuwepo, lakini aliitwa mbele yangu baadaye, na Daktari akasema, "Kama una shaka, sitaweka jina langu kwa kitu chenye shaka. Kusanya upya. Majani ya juu, jua kamili, kila mti uliomo kwenye orodha. Una wiki tatu, halafu kuna mkutano na akina mama. Kathambi, utaenda naye?"

Nilisema nina kazi nyingi maabara. Ilikuwa kweli kiasi.

Basi Wanja akaenda na dereva, ngazi na kamba. Kila jioni alirudi na majani kwenye chupa, mikwaruzo mikononi, na uchovu ambao nilikuwa nauona na unanifurahisha. Nilijiambia, wacha naye aone. Angekuwa na daftari, angejua ni miti ipi ambayo tayari nilikuwa nimewahi kuikata juu, na angeiruka. Bila daftari ilibidi apande yote.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, dereva alipiga simu. Wanja ameanguka kutoka kwenye muringa. Yuko hai, anaongea, lakini mkono wa kulia umevunjika kifundoni, vibaya.

Nilikuwa nimeshika simu ya ofisi. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Nimefikiria mara nyingi kama nikiandike, na naona nikikiacha, haya mengine yote hayana maana. Nilihisi nafuu, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Kisha nikauliza, "Mti gani?"

"Ule wa kwa Mama Ndwiga. Hapa Runyenjes."

Niliketi. Mti wa Mama Ndwiga nilikuwa naufahamu vizuri sana. Miaka mitano kabla ya hapo wenye shamba walikuwa wamekata matawi ya juu ili kutengeneza milango, na mimi nikafika siku ile ile nikayakuta chini, nikachuma majani ya kileleni nikiwa nimesimama ardhini kwa viatu vyangu vya kawaida. Slaidi zake, vile vioo vyenye vipande vya majani, zilikuwa kwenye kabati. Mti ule haukuhitaji kupandwa na mtu yeyote.

Nilienda hospitali mchana. Wanja alikuwa kitandani, mkono umefungwa na kuinuliwa, uso umebadilika rangi. Mama Ndwiga, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kanisani kichwani, alikuwa ameketi kando yake na chupa ya uji. Alinitambua mara moja.

"Si ni wewe!" alisema. "Wewe ndiye ulikuja ile siku tulikata matawi. Nilimwambia huyu, mwanangu, yule mwenzako hakupanda hata kidogo, alichukua yale ya juu yakiwa yamelala hapo chini. Akaniambia lazima apande, hawana rekodi."

Wanja aligeuza kichwa polepole kwenye mto.

"Madam. Ulikata ya juu kwa huo mti?"

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita, jua linaingia dirishani, na maneno yalikuwa mawili tu: ndiyo, nilikata.

"Sikumbuki," nilisema. "Ni miaka mingi."

Mama Ndwiga alinitazama. Kisha akamimina uji kwenye kikombe akamshikia Wanja anywe. Hakunimiminia mimi.

Majani ambayo Wanja alikuwa ameyakusanya yalibaki kwenye chupa zao maabara, na hapakuwa na mkono mwingine wa kuyakata ila wangu. Dereva alimalizia miti michache iliyosalia kwa msaada wa watu waliozoea kupanda miti kutundika mizinga. Daktari Mutembei aliniwekea chupa mezani, akasema, "Kathambi, tunakutegemea."

Nilikata siku kumi na mbili. Jani la kwanza lilikuwa la Meru, la kileleni. Nilipoliweka chini ya darubini niliona safu mbili za seli ndefu zilizosimama kama nguzo, zimebanana, jani limenenepa. Ungelichanganya na la Kiambere. Huo ndio ulikuwa mwisho wa miaka yangu sita, kwenye kipande cha kioo kisichozidi kidole.

Hakuna mtu angejua kama ningekata vibaya. Ukikata kwa mshazari kidogo, jani linaonekana nene kuliko lilivyo. Ukichagua sehemu ya pembeni, linaonekana jembamba. Mtu anayejua kukata sawasawa anajua pia namna zote za kudanganya kwa wembe. Nilijaribu mara moja. Nilikipima kile kipande, nikaandika namba, nikaitazama, nikaifuta. Kisha nikakata upya, na siku zile kumi na mbili nilikata vipande safi kuliko vyote nilivyowahi kukata maishani mwangu. Sijui kwa nini niliweza kumdanganya mgonjwa usoni lakini sikuweza kulidanganya jani. Sijivunii. Nawaambia tu ilivyokuwa.

Matokeo yalikuwa haya. Tofauti kati ya Meru na Kiambere ilibaki, lakini ilipungua karibu nusu. Na katika shamba la majaribio kule Kiambere, ambako mbegu za sehemu zote tatu zilikuwa zimepandwa bega kwa bega na miche ndiyo kwanza ilikuwa imefikia kupimwa, mche wa Meru ulikuwa umetoa majani madogo na manene kama wenyeji. Ukubwa na unene ulifuata mahali. Manyoya ndiyo yaliyofuata mzazi: mche wa Kiambere ulikuwa na manyoya mengi hata ukimwagiliwa kila siku.

Mkutano ulifanyika Kiambere chini ya turubai, asubuhi. Wanja alikuja na mkono kwenye kitambaa shingoni, akawaeleza akina mama kwa Kimbeere. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wenye majani yaliyokaushwa. Mama mmoja aliuliza, "Kwa hivyo mti unasahau kwao?"

"Unasahau unene," Wanja alisema. "Manyoya hausahau."

Wakacheka, wakapiga makofi. Ushauri ukawa kwamba mbegu za kwao ziwe za kwanza, na za Runyenjes zijazie panapopungua, mradi miche ipunguziwe maji polepole kabla ya kupandwa shambani. Miringa hiyo ipo. Mkienda mtaikuta imepita urefu wa nyumba. Lakini siku ile, nikiwa nimeshika ubao wangu, nilikuwa nawaza kwamba wanamtazama yeye tu. Niliuonea wivu hata ule mkono uliofungwa. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: hauna aibu hata ya kuchagua.

Mkono wa Wanja ulipona kwa kazi za kawaida. Anaandika, anapika, anaendesha gari. Lakini vidole viwili vilibaki na ganzi, na wembe hautaki ganzi. Baada ya miezi kadhaa alikuja kwenye benchi langu, akaweka mbele yangu ule wembe wa mpini wa mfupa.

"Chukua, Madam. Mimi sitauweza tena. Afadhali uwe na mtu."

Niliuchukua. Nilisema asante. Niliutumia miaka kumi na tisa.

Yaliyofuata kuhusu vyeo na masomo nitayaruka, hayawahusu sana. Itoshe kusema kwamba Wanja aliacha benchi, akageukia takwimu na shamba, akawa ndiye anayepanga nani akate nini na wapi. Rejista zote za kituo sasa zina safu ya tawi: juu, kati, chini, jua, kivuli. Mkiijaza mnalalamika kwamba inachosha. Aliiweka yeye.

Wiki yangu ya mwisho kazini nililitoa daftari. Lilikuwa limehama nami nyumba tatu. Nilienda ofisini kwake baada ya chai ya saa nne, nikaliweka mezani, nikabaki nimesimama.

"Hili ni nini?"

"Ni lile la kijani. Halikuliwa na mchwa."

Alilifungua kwa mkono wa kushoto. Alipitia kurasa taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha, hadi akafika Runyenjes. Akasoma kwa sauti ile ile ya chini: "Shamba la Mama Ndwiga. Tawi la juu, jua kamili. Limekatwa na mwenye shamba." Akafunga.

Nje watu walikuwa wanashusha miche kutoka kwenye pikapu.

"Nilidhani ulilipoteza ukaona haya," alisema. "Miaka hii yote nilikuwa nakutetea kwa roho yangu. Nilijiambia, mtu akifanya kazi safi vile, anaweza kusahau daftari moja."

"Nilikuonea wivu."

"Wa nini?" Aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui. "Mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Nilikuwa nakata majani ya sukuma wiki nyumbani kila jioni ili nisikuaibishe kesho yake. Mzee Nyaga aliniambia nikutazame wewe, nisimtazame yeye. Hakuwahi kukwambia?"

Nilianza kusema nisamehe, akainua mkono ule, wa kulia.

"Hapana. Usiniombe leo. Unaniuma kila asubuhi ya baridi, na sasa nitakuwa najua kwa nini. Wacha kwanza nijue." Alilisukuma daftari kwenye droo yake, akafunga. "Lakini andika. Hawa wanaoingia wanafikiri makosa ya maabara yanatoka kwa mashine. Andika yote, na usiniweke humo kama malaika."

Nimejaribu. Nilimpelekea kurasa hizi kwanza, kabla yenu, na wiki mbili zikapita kimya. Kisha Jumamosi iliyopita akaja mwenyewe hapa kwetu Meru, bila kupiga simu, na ndizi za kutoka Runyenjes kwenye mfuko. Alikula mukimo na sisi, akambishia mume wangu kuhusu avokado zake na kumshinda, akazunguka boma akipapasa majani. Nilipomsindikiza hadi barabarani ndipo alipozitaja kurasa, akasema, "Wazichapishe. Sijamaliza kukasirika, Kathambi." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Lakini nitapita tena mwezi ujao."

Niliporudi ndani mume wangu alikuwa bado anacheka peke yake kuhusu avokado.

"Huyo mama ana akili ajabu," alisema. "Mmefanya kazi pamoja miaka yote hiyo? Mbona hukuwahi kumleta hapa?"

Nilikusanya sahani, nikaenda jikoni kuziosha.